Injini ya Gari la Spoti na Mtu wa Kungoja Chini

Benchi letu liko kwenye kona, ubavuni mwa duka la kinyozi, likitazamana na ukuta wa mabati wa gereji. Ubao wake umelainika kwa makalio ya watu wasio na haraka, na ukikaa mwisho wa kushoto ujue jirani yako akiinuka bila kukuarifu, unakwenda chini na kikombe chako. Mimi ndiye Mama Birika. Kahawa ni yangu, jiko ni langu, kigoda ni changu, na masikio pia ni yangu, ingawa hawa wanaume wangu wanafikiri mwanamke akishakoleza mkaa basi hasikii tena. Nasikia sana. Nikinyamaza ni kwa sababu mtu mmoja hapa lazima anyamaze, la sivyo hata maji hayatachemka.

Wakaaji ni wale wale. Breki ni dereva wa lori mstaafu, mwili mnene, sauti nene, na kila hadithi yake lazima ifike mahali breki zinakatika. Hakimu ni fundi cherehani. Mashine yake iko pale barazani, lakini ukimpelekea suruali ataitolea hukumu wiki nzima kabla hajaipiga pindo. Redio ndiye kinyozi mwenyewe. Kiti chake cha kunyolea kinashinda kitupu, maana mteja akikaa anapewa habari za dunia nzima na kuondoka upande mmoja haujanyolewa.

Wa nne ni Fundi Mabawa. Gereji ile ya mbele ni yake, na maisha yake yote ametengeneza injini za magari ya watu. Halafu yeye na mkewe wakaanza kujenga ndege. Ndiyo, ndege! Ndogo, ya kiti kimoja, mabawa ya mbao nyepesi yaliyovishwa kitambaa. Injini aliipata kwenye gari la spoti, lile jekundu la chini chini la milango miwili, ambalo tajiri mmoja alilikumbatisha nguzo ya umeme. Bodi ilikunjamana yote, mwenye gari akatoka na mchubuko wa paji la uso, na injini ikawa nzima. Mke wa Fundi akafariki kabla mabawa hayajavishwa kitambaa. Tulidhani ataacha. Wapi! Kila alasiri aliifunga ndege yake kwa mnyororo, akawasha injini kule nyuma ya ukuta, nasi huku tukawa hatusikilizani. Hawa wangu hawakunyamaza hata hivyo. Walibishana kwa mikono, na kelele zikikoma kila mmoja alidai yeye ndiye aliyeshinda.

Kuna siku nilimuuliza, baba, mbona unaiwasha kila siku na haiendi popote? Akaniambia, "Mama Birika, nyumba imekuwa kimya mno."

Basi leo injini haikunguruma. Fundi alikuja mwenyewe, ameoga, amechana nywele, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Haki ya Mungu, tangu nimjue sijawahi kuiona ovaroli yake ina mstari wa pasi. Nikamjazia kikombe, akakaa mwisho wa benchi, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

Fundi: Jamani, jioni hii upepo ukitulia, naruka.

Redio: Unaruka nini, ukuta?

Fundi: Naruka na ndege. Jana usiku nimeikokota kwa trela mpaka uwanja wa ndege ndogo, kule nyuma ya viwanda. Iko pale, nimeifunga kamba.

Hakimu: Kesi imefunguliwa. Endelea.

Fundi: Nahitaji mtu mmoja.

Breki: Mimi presha inanisumbua.

Fundi: Sijasema wa kupanda, kiti chenyewe ni kimoja. Nataka mtu wa kubaki chini. Uwanja ule una sheria yake. Ndege mpya hairuhusiwi kuruka mara ya kwanza mpaka rubani awe na mtu wake chini. Si mlinzi wala si mwenye uwanja, mtu wake hasa. Anasimama pale na simu. Anajua nimeelekea upande gani na mafuta yangu yanafika wapi. Jua likienda kuzama sijarudi, yeye ndiye wa kusema, jamani, huyu hajarudi, tukamtafute.

Redio: Kazi ni hiyo tu?

Fundi: Ni hiyo tu. Kutazama juu na kungoja.

Halafu akasema jambo jingine kwa sauti ndogo, huku anatazama ndani ya kikombe. Alisema, "Kazi hii angeifanya mke wangu." Mimi nililisikia. Wao hawakulisikia, kwa sababu Breki alikuwa ameshainua mkono kama mtu anayesimamisha magari.

Breki: Ngoja, ngoja, ngoja. Kabla hatujafika kwa mtu wa chini, tuanze na injini. Ile si injini ya gari?

Nikajua tumekwisha. Hapa kijiweni hakuna swali linalojibiwa likiwa bichi. Mtu akiuliza saa, kwanza tunabishana saa zina faida gani, nani alizileta, na kwa nini za zamani zilikuwa hazisimami. Ndivyo tulivyozoea, na siku zote mtu anayeuliza anajua hivyo na anangoja. Lakini siku zote mtu anauliza saa tu.

Fundi: Ni injini ya gari, ndiyo.

Breki: Gia ya kurudi nyuma umeiweka?

Fundi: Giaboksi yote nimeitoa. Ndege haitaki gia.

Breki: Mmesikia? Ametoa giaboksi! Sasa nisaidie, ndugu yangu. Ukikutana na ndege nyingine uso kwa uso, njia nyembamba, nani atarudi nyuma?

Hakimu: Hewani hakuna njia nyembamba.

Breki: Umewahi kufika?

Hakimu: Sijawahi.

Breki: Basi nyamaza. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Redio: Ndege ikienda pole inaanguka.

Breki: Inaanguka, sawa. Lakini haijikwai.

Fundi alitabasamu kidogo. Ana subira yule mtu, na subira yake ndiyo iliyomponza. Akaweka kikombe chini akaanza kuwaeleza kwa vidole.

Fundi: Injini ile inazunguka kasi sana. Pangaboi, lile panga la kuivuta ndege, halitaki kasi hiyo, linataka nguvu kwa utulivu. Ndiyo maana katikati nimeweka puli mbili, ndogo na kubwa, na mkanda mpana. Injini inakimbia, pangaboi linatembea. Tatizo ni moja tu. Gari barabarani linapumzika. Linashuka mteremko, linasimama kwenye taa, dereva anaondoa mguu. Hewani hakuna mteremko wa kupumzikia. Ndiyo maana nimekuwa nikiiwasha hapa nyuma kila siku, nione kama itavumilia.

Hakimu: Umesema neno. Kuvumilia! Sasa hii injini imelelewaje? Imelelewa ndani ya gari la spoti. Imezoea kuoshwa na kupigwa nta, kubeba watu wawili waliojipulizia manukato, mwendo mfupi, kisha kuegeshwa mbele ya watu isifiwe. Wewe leo unaipeleka mahali hakuna mtu wa kuisifia. Itakata tamaa.

Redio: Injini inakata tamaa?

Hakimu: Mchagua jembe si mkulima.

Redio: Hilo jembe linahusiana nini na injini?

Hakimu: Hukumu husomwa, haielezwi.

Fundi: Sawa. Lakini jioni hii nani atakuja?

Aliuliza hivyo, kwa maneno mepesi kabisa. Nikaona Hakimu anatafuta uzi kwenye mkono wa shati lake, uzi usiokuwepo. Breki akanywa kahawa kutoka kikombe kitupu. Redio, ambaye kimya kinamuwasha kama upupu, ndiye aliyejibu.

Redio: Mzee mwenzangu, usijisumbue. Mtu atakuja.

Fundi: Kweli?

Redio: Kwani sisi ni nani kwako? Nenda kaiandae ndege. Mtu atakuja.

Breki: Tutakuja hata wote!

Fundi: Wote hapana, anatosha mmoja. Mlinzi wa uwanja ana pikipiki, nitamtuma aje amchukue hapa.

Redio: Mtume. Atamkuta.

Fundi akasimama. Uso wake ulikuwa umefunguka, jamani, ulifunguka namna ambayo sijaiona tangu matanga ya mkewe. Akaja kunirudishia kikombe mkononi badala ya kukiacha benchini kama wanavyofanya wenzake. "Ahsante, Mama Birika," akasema. Kisha hakuondoka. Alisimama mbele yangu kitambo, nami nikajua kuna swali limemfika mdomoni, nikainama kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshavuka barabara.

Msiniangalie vibaya. Mume wangu alikwenda kutafuta kazi ng'ambo, akaniambia ningoje simu. Niliingoja. Nilikuwa nalala na simu kifuani, naoga na simu juu ya ndoo. Ikalia mwaka wa kwanza, ikalialia wa pili, halafu ikawa watu wengine tu wanaokosea namba. Sina hamu ya kuwa mtu wa kungoja tena, hata kwa jioni moja, hata kwa mtu mwema kama Fundi. Ndiyo hivyo.

Wale benchini hata hawakuona kwamba ameondoka. Au waliona wakafurahi, maana mtu akiwa hayupo kisa chake kinanoga zaidi.

Breki: Mimi nawaambia, injini ina kumbukumbu. Nimeendesha lori miaka mingi, najua. Injini iliyokulia barabarani itataka barabara. Huyu atapaa, sawa, lakini injini itachungulia chini, itaiona lami, itaanza kuifuata. Kona ikikunja, nayo itakunja. Ikifika kwenye matuta itaruka juu, chini, juu, chini.

Hakimu: Na kwenye taa nyekundu?

Breki: Itasimama.

Hakimu: Hewani!

Breki: Ndiyo hatari yenyewe.

Redio: Hayo madogo. Nimesikia mimi habari ya mtu mmoja, mbali huko, alitia injini ya gari la spoti kwenye ndege ndogo kama hii. Akaikanyaga mafuta mpaka mwisho. Mnajua alifika lini?

Breki: Lini?

Redio: Kabla ya kuondoka. Alitua akakuta watu bado wanampungia mkono wa kwaheri. Ikabidi naye asimame pembeni ajipungie.

Hakimu: Muongo wewe.

Redio: Asiyekuwapo na lake halipo. Wewe ulikuwapo?

Hakimu: Na wewe ulikuwapo?

Redio: Mimi nilisikia. Kusikia ni kuwapo kwa masikio.

Wakacheka wote watatu, nami nikacheka, sitaki kusema uongo. Nikawaongezea kahawa. Birika lilikuwa limeanza kuwa jepesi mkononi. Jua lilikuwa limeshafika juu ya paa la gereji, na vumbi la barabarani, ambalo mchana kutwa lilikuwa linazungukazunguka, sasa lilikuwa limelala. Upepo ulikuwa unatulia.

Hakimu: Swali langu ni moja. Anakwenda wapi?

Breki: Anazunguka tu, arudi.

Hakimu: Mtu hajengi ndege miaka yote hiyo ili azunguke tu.

Redio: Anakwenda kwa mwanawe. Yule wa ng'ambo, ambaye hakuja hata kwenye msiba. Atamtokea juu ya nyumba, amfungulie ekzosi, dogo aamke apige magoti.

Breki: Mafuta hayafiki huko.

Hakimu: Basi mimi nitawaambia anakokwenda. Anamfuata marehemu.

Nikasikia mkaa unavyopasuka. Mbele yetu ukuta wa mabati ulisimama na gereji yake haina sauti, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi kona yetu ilivyo kubwa bila ile kelele.

Breki: Usiseme hivyo, Hakimu. Hata kwa mzaha usiseme.

Hakimu: Sikukusudia ubaya.

Breki: Mtu ameoga. Amepiga pasi ovaroli. Mtu wa namna hiyo anataka kurudi.

Hakimu: Ndiyo. Yametoka tu mdomoni.

Redio: Kwani, samahani, hapa nani anakwenda?

Hakimu: Kwenda wapi?

Redio: Uwanjani. Huyo mlinzi atafika sasa hivi.

Hakimu: Si wewe uliyemwambia mtu atakuja?

Redio: Nilisema mtu. Sikusema mimi.

Hakimu: Lo! Na ulikuwa unamaanisha nani?

Redio: Nilikuwa namaanisha Breki. Breki ana uzoefu wa vyombo.

Breki: Mimi?

Redio: Wewe si dereva?

Breki akakiweka kikombe ubaoni polepole. Breki akipunguza sauti mimi huogopa, kwa sababu sauti ile haina ngazi za katikati.

Breki: Nisikilizeni. Breki zikinikatikia katika hadithi ninacheka, si ndiyo? Kuna siku zilikatika kweli. Ule mteremko mrefu, mzigo wa saruji. Mimi nikatoka mzima. Utingo wangu hakutoka. Wenye lori walinituma mimi nipeleke habari kwa mama yake, wakasema wewe ndiye mtu wake. Nikabisha hodi. Mama akafungua anacheka, anatazama nyuma yangu, akaniuliza, mwenzako anafunga lori? Sikuweza kusema. Nilikaa nikala chakula chake chote kwanza. Chote, jamani. Ndipo nikasema. Siwezi kuwa mtu wa mtu tena. Nitumeni kwingine kokote.

Hakimu akamgusa bega, akautoa mkono upesi kama aliyeungua.

Redio: Basi Hakimu.

Hakimu: Mimi ndiyo kabisa siwezi.

Redio: Una nguo za watu?

Hakimu: Nguo ziko, lakini si nguo. Kitambaa cha mabawa nani alikishona?

Redio: Sijui. Fundi mwenyewe?

Hakimu: Alikuja nacho usiku ule tulipomaliza arobaini ya mkewe, akasema marehemu alikuwa amekata vipande vyote, amebakiza kushona tu. Nikamshonea. Mshono mara mbili, halafu nikapitisha tena wa tatu. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nawaza, pale kwenye kona ya bawa la kulia, uzi uliniishia nikafunga fundo nikaendelea na mwingine. Lile fundo naliona usiku. Nikisimama kule chini na kumtazama juu, sitaona ndege mimi. Nitaona fundo langu tu.

Breki: Mwambie.

Hakimu: Nilimwambia. Akasema fundo zuri, hakuna shida. Akanipa mkono.

Redio: Sasa kama alisema hakuna shida...

Hakimu: Redio, kwa nini wewe usiende? Huna mteja. Huna presha. Hukushona kitu.

Redio akacheka. Tukamngoja amalize kucheka.

Redio: Mimi nitakwenda kufanya nini kule?

Breki: Kutazama juu na kungoja.

Redio: Peke yangu?

Breki: Peke yako. Ndiyo kazi.

Redio: Uwanja mtupu, nyasi tupu, hakuna mtu wa kuzungumza naye? Breki, mimi nikifunga duka jioni naacha redio imewashwa nyumbani, nikifika nikute sauti. Nikienda chooni naingia nayo. Mnanicheka kwamba siwezi kunyamaza. Ni kweli, siwezi. Nikinyamaza kidogo tu nasikia vitu nisivyovitaka. Mimi kule nitakufa kabla yake, halafu nani ataniangalia mimi?

Alikusudia tucheke. Hatukucheka. Kisha wote watatu, jamani, wakageuka kunitazama mimi, kana kwamba ndiyo kwanza wameniona nimekaa pale.

Mimi: Msinitazame mimi. Mimi nauza kahawa.

Breki: Hatujasema kitu, Mama Birika.

Mimi: Nanyi msiseme.

Nikatikisa birika. Kilichobaki kilikuwa cha vikombe vitatu, nikawagawia, masimbi ya kahawa yakatoka yote. Ndipo pikipiki ikaingia kona.

Aliyekuwa juu yake hatukuwahi kumwona. Mtu mzima, mpole, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, na kofia ya pili ya pikipiki imening'inia kwenye usukani. Akazima, akashuka, akatusalimu mmoja mmoja kwa mkono. Mimi akaniamkia, nikaitikia.

Mlinzi: Naulizia mtu wa fundi wa ndege. Nimeambiwa nimchukue hapa.

Redio akafungua mdomo. Nilimwona mimi, akaufungua na akaufunga.

Mlinzi: Kule upepo umetulia vizuri. Ameshaipasha injini moto. Anangojwa mtu wake tu.

Hakimu: Ehe.

Mlinzi: Ni nani kati yenu?

Breki: Inategemea. Ukisema mtu wake, unamaanisha mtu kwa maana gani?

Mlinzi akamtazama Breki, akanitazama mimi, akadhani labda amekosea kona. Akatazama ukuta wa gereji, akaona hakukosea. Akatoa simu akapiga, akaiweka sauti ya nje kwa sababu, alisema, masikio yake yameharibiwa na pikipiki. Basi tukasikia sote. Kwanza injini, inanguruma polepole, ile ile yetu ya kila alasiri, lakini kwa mbali na nyembamba. Halafu Fundi.

Fundi: Mmeshaondoka?

Mlinzi: Fundi, niko hapa kijiweni. Naona kama mtu wako hayupo.

Fundi: Yupo.

Mlinzi: Nimewauliza waliopo hapa.

Fundi: Yupo, yupo. Waliniambia wenyewe mtu atakuja. Mngoje kidogo, huenda anafunga duka, au amekwenda kuvaa viatu. Mwambie asiharakishe. Jua bado lipo.

Mlinzi: Haya.

Fundi: Ile kofia umeibeba?

Mlinzi: Ninayo.

Fundi: Vizuri. Ngoja nizime injini basi, isije ikachemka bure.

Tukaisikia inazimwa. Haikukatika ghafla, ilishuka, ikapigapiga mara mbili tatu, ikanyamaza. Mlinzi akarudisha simu mfukoni.

Nikamkaribisha akae, nikamwambia aniwie radhi, kahawa imekwisha. Akasema si kitu, yeye hakai sana. Akakaa pale mwisho wa benchi, kofia ya pili mapajani, akaanza kutazama watu wanaopita. Akapita mwanamke na ndoo. Akapita mtu na baiskeli, mlinzi akainuka kidogo, yule akapita tu. Breki alikuwa ameinamisha kichwa. Hakimu anasokota kidole chake. Redio ametulia hivyo hivyo, midomo imebanwa, na macho yake yalikuwa na maji. Mimi mkono wangu ulikuwa juu ya birika tupu, nikawa najiambia, inuka, we mwanamke, inuka uichukue ile kofia, ni kutazama juu tu. Miguu yangu ilinisikia na haikuinuka.

Mlinzi akageuka kwetu, kwa adabu, kama mgeni anayeuliza njia.

Mlinzi: Samahani, mtu mwenyewe yukoje? Nimtambue akija.

Tukageuka sote, tukaitazama njia pamoja naye.